Kibali Kinaisha Lini? Jamaa wa Pikipiki, Mhindi wa Karlsruhe na Wamsumbiji Waliopandishwa Ndege

Wadau, leo hatuna umbea wa nani kaachana na nani. Leo tuna picha.

Ni ya mwaka 1964, na Wajerumani wanaijua kama sisi tunavyoijua ile ya Mwalimu akichanganya udongo, ambayo nayo ni ya mwaka huohuo. Jamaa mmoja wa Kireno, fundi seremala, miaka 38, kofia kichwani, kakalishwa juu ya pikipiki ndogo mpya kabisa. Kapewa na maua. Ukimwangalia usoni huelewi kama anataka kucheka au kulia. Ilikuwa tarehe 10 Septemba, stesheni ya treni ya Deutz mjini Köln. Waajiri wa Ujerumani Magharibi walikuwa wanasherehekea mfanyakazi mgeni wa milioni moja kuingia nchini kwao, na jina lake lilichaguliwa kwenye orodha hivihivi tu, bila kumjua ni nani. Alipoitwa kwenye kipaza sauti hakufurahi. Alidhani makaratasi yake yana shida na sasa anarudishwa kwao.

Hebu kaa na hilo kidogo. Mtu anaitwa kupewa zawadi, yeye akili yake yote iko kwenye karatasi. Kama umewahi kuishi nchi ya watu kwa kibali, au una dada au kaka anayeishi hivyo, naamini umemwelewa bila mimi kumaliza sentensi.

Majina sitayataja humu ndani, ndiyo utaratibu wa hapa, lakini watu wote hawa ni wa kweli. Nawaleta kwa sababu meseji zinazoingia kwangu siku hizi, zile za wauguzi, mafundi umeme na vijana wa kompyuta walioko Ujerumani, zinafanana: "Kibali changu kinaisha baada ya miezi minne, wananiuliza karatasi utadhani ndiyo kwanza nimeshuka kwenye ndege, inakuwaje?" Karatasi hizo nitazisema. Lakini kwanza historia, maana ukijua zilitoka wapi unaingia ile ofisi na mgongo ulionyooka.

MGENI NA JEMBE

Baada ya vita kuu ya pili Ujerumani Magharibi iliinuka haraka kuliko watu wake walivyotosha. Viwanda vikataka mikono. Mwaka 1955 wakasaini mkataba na Italia, mwaka 1960 Uhispania na Ugiriki, mwaka 1961 Uturuki, halafu Moroko, Ureno, Tunisia na mwishowe Yugoslavia mwaka 1968. Waliokuja waliitwa Gastarbeiter, yaani mfanyakazi mgeni. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe wakiwa bado kwao.

Istanbul kulikuwa na ofisi ya Wajerumani kabisa. Unapimwa damu, mkojo, unafunguliwa mdomo unahesabiwa meno, wanaume mnapanga mstari na nguo za ndani. Ukipita, unapanda treni siku kadhaa mpaka München, jukwaa namba 11, na kutoka hapo unagawiwa kwa kiwanda chako. Mikataba ya kwanza ya wengi ilikuwa ya mwaka mmoja. Unafanya kazi kwa mwajiri aliyeandikwa, unalala kwenye bweni la kampuni.

Na wazo lenyewe lilikuwa la mzunguko. Mtu aje, apige kazi, arudi kwao, aje mwingine mwenye nguvu mpya. Kwenye mkataba wa Waturuki iliandikwa kabisa kwamba mtu asizidi miaka miwili. Kwa wenye mipango ofisini hesabu ilikubali: hakuna uzee, hakuna familia, hakuna shule za watoto.

Mwaka 1964 kipengele hicho cha miaka miwili kikaondolewa. Unadhani nani alipiga kelele? Walioongoza walikuwa wenye viwanda. Umemchukua kijana hajui mashine, umemfundisha, kashaelewa lugha ya kuelekezana, sasa kashika kazi vizuri, halafu serikali inakwambia mrudishe ulete mwingine uanze upya? Hiyo ni hasara. Kwa hiyo kibali kikaanza kuongezwa, na kuongezwa tena.

Mimi hapa ndipo naona siri ya mambo yote haya. Kibali cha mfanyakazi mgeni hakikuanza kuongezwa kwa huruma. Kiliongezwa kwa sababu mtu aliyekwisha kujua kazi ana thamani kuliko mgeni wa jana. Hii thamani unayo na wewe nesi wa mwaka wa tatu, ila ukikaa mbele ya dirisha la ofisi unaisahau, unajiona umeenda kuomba.

Mwaka 1965 ikatoka sheria ya wageni. Ilisema mgeni anaweza kupewa kibali kama kuwepo kwake hakudhuru maslahi ya nchi. Maslahi hayo ni yapi? Anaamua afisa. Ukiangukia mwenye roho nzuri unapewa miaka miwili, ukiangukia aliyeamka vibaya unapewa miezi. Mwaka 1971 wakalegeza kidogo kwa aliyefanya kazi zaidi ya miaka mitano, akaweza kupata ruhusa maalumu ya kazi ya miaka mitano mingine.

MLANGO ULIPOFUNGWA, WATU WAKABAKI NDANI

Tarehe 23 Novemba 1973, mafuta yamepanda bei dunia nzima, serikali ya Bonn ikapiga stopu. Hakuna kuajiri wageni wapya. Wakati huo wageni waliokuwa kazini walikuwa kama milioni 2.6. Matarajio yalikuwa kwamba mlango ukifungwa watu watapungua wenyewe.

Ikawa kinyume. Kabla ya hapo, Mturuki au Myugoslavia aliyechoka angeweza kwenda kwao mwaka mzima, biashara ikimshinda anarudi kiwandani. Sasa akitoka hawezi kurudi. Basi mtu anafanya nini? Anabaki. Na akibaki anamleta mke, analeta na watoto. Stopu iliyokusudiwa kuwaondoa ndiyo iliyowafanya wapange nyumba na kununua kabati.

Ingawa tuseme na hili, maana huwa linasahaulika. Kati ya mwaka 1955 na 1973 waliingia watu kama milioni 14, na kama milioni 11 kati yao walirudi makwao. Wengi walirudi jamani. Story ya kwamba mgeni akiingia hatoki ni ya vijiweni. Mwaka 1983 serikali ilikwenda mbali mpaka ikatunga sheria ya kuwalipa wageni fulani marka 10,500 waondoke, na 1,500 juu kwa kila mtoto. Wapo waliochukua.

Jamaa wetu wa pikipiki naye alirudi. Alifanya kazi miji kadhaa kwa miaka, akaugua tumbo, akaenda kwao Ureno na hakurudi tena kazini. Ilikuwa saratani. Akiba yake yote ya Ujerumani ikaishia hospitali, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na haki ya bima ya ugonjwa ya Kijerumani ambayo alikuwa anaikatwa kwenye mshahara kila mwezi. Alifariki mwaka 1979, miaka 53. Ile pikipiki ipo makumbusho ya Bonn, inang'aa.

Mtu alipewa maua na pikipiki mbele ya waandishi wa habari, ila karatasi moja ya kumweleza haki zake haikupatikana.

MHINDI WA KARLSRUHE

Huyu ndiye nataka mumjue leo kuliko wote, kwa sababu hana picha maarufu wala pikipiki makumbusho.

Alikuwa kijana wa Kihindi aliyefika Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza kazi. Akajifunza, akaajiriwa, akaendelea. Kibali chake kilikuwa kinaongezwa, kinaisha, kinaongezwa, zaidi ya miaka kumi. Hana kesi, hana deni, kazi anayo. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye kuongeza tena, ofisi ikagoma.

Sababu waliyompa ndiyo inauma. Kwa ufupi ni hivi: umekaa muda mrefu, inaonekana unataka kubaki moja kwa moja, na Ujerumani siyo nchi ya wahamiaji, hivyo kukaa kwako kunadhuru maslahi ya nchi. Yaani kosa lake ni kukaa muda mrefu, na huo muda mrefu wenyewe ndio waliokuwa wanampa, muhuri baada ya muhuri!

Wengi wetu hapo tungefunga begi. Tungesema nchi ya watu, tutafanyaje. Yeye akaenda mahakamani, akashindwa, akapanda juu, akashindwa, mpaka ikafika Karlsruhe kwenye Mahakama ya Katiba. Fikiria miaka hiyo yote unaishi kwa kesi. Marafiki wanakuuliza unaendeleaje, unasema nasubiri.

Tarehe 26 Septemba 1978 majaji wakampa haki. Hoja yao, nikiiweka kwa Kiswahili chetu cha kawaida, ni kwamba serikali ikimwongezea mtu kibali mara nyingi bila kumwekea angalizo lolote, inakuwa imemjengea imani. Mtu huyo amepanga maisha yake juu ya imani hiyo. Huwezi kuamka asubuhi ukavunja kwa kusema tu kwamba nchi yetu haipokei wahamiaji. Na haki hiyo ya kuaminiana na dola ni ya mgeni pia, siyo ya raia peke yake.

Mwaka huohuo kuanzia Oktoba kanuni zikabadilika, mfanyakazi aliyemaliza miaka mitano akaweza kupata kibali kisicho na tarehe ya mwisho, akitimiza masharti kama lugha na nyumba ya kutosha.

Kwa hiyo dada yangu, unapoingia na bahasha yako kuongeza kibali, huingii kama mtu wa siku ya kwanza, hata kama fomu imeandikwa kama ya siku ya kwanza. Miaka yako ina uzito kisheria. Kuna mtu aliupigania huo uzito akiwa hana uhakika kama kesho atalala nchi gani.

UPANDE WA PILI WA UKUTA

Mpaka hapa nimesema Ujerumani Magharibi. Mashariki kulikuwa na Ujerumani nyingine, ya kijamaa, rafiki wa nchi zetu nyingi za Afrika. Huko nako walikosa mikono ya viwandani, nao wakaita wageni, ila kwa jina zuri zaidi, urafiki wa mataifa.

Majirani zetu wa Msumbiji walisaini mkataba nao mwezi Februari 1979. Nchi imepata uhuru miaka minne tu nyuma, vijana wana hamu, wanaambiwa mnakwenda kujifunza ufundi mje kujenga taifa. Kati ya hapo na mwaka 1990 walikwenda karibu 20,000. Wavietnamu walikuwa wengi zaidi, mwaka 1989 walifika kama 60,000.

Wengi wa Wamsumbiji walikwenda kwa mkataba wa miaka minne. Huchagui kiwanda, huchagui mji, unalala bweni lenye mlinzi na muda wa kuingia wageni. Dada akipata mimba anaambiwa achague, aitoe au apande ndege. Na kibali cha kuishi kimeshonwa na kazi kama kifungo na shati, kazi ikiisha na wewe umeisha.

Kubwa zaidi ni mshahara. Sehemu ilikuwa inakatwa na kuambiwa inatunzwa nyumbani, utaikuta Maputo. Kuna kipindi makato yalifika asilimia 60 ya kile kilichozidi marka 350. Vijana wakakubali, nani asiyetaka kuweka akiba? Kumbe serikali mbili zilikuwa zinatumia pesa hiyo kupunguza deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki.

Ukuta ukaanguka Novemba 1989. Mwaka uliofuata viwanda vikafungwa, na wa kwanza kutolewa walikuwa wageni. Mikataba ikavunjwa kabla ya muda wake. Haki kwenye karatasi ilikuwa marka 3,000, asilimia 70 ya mshahara kwa miezi mitatu na tiketi ya ndege, na wengi hawakuelezwa hata hizo. Wengine walikuwa na watoto na wanawake wa Kijerumani, wakaondoka wakaacha familia. Wamefika Maputo na friji, redio na pikipiki zao, wakaenda kuulizia akiba. Hamna.

Wanaitwa Madgermanes. Kwa miongo mitatu walikuwa wanaandamana katikati ya Maputo siku za Jumatano, wengine wamebeba bendera ya nchi ambayo haipo tena duniani. Waliokwenda vijana wa miaka 19 sasa ni wazee, na wengi wamekufa wanadai.

Waliong'ang'ania kubaki walikuwa wachache, na waliishi miaka wakiwa hawajui hatma yao. Mwaka 1993 ndipo ikatoka kanuni ya kuwaruhusu, kama mtu ana kazi na hana kosa la jinai. Ana kazi! Mashariki yote viwanda vimefungwa, Wajerumani wenyewe hawana kazi, mgeni ndiye anaambiwa alete mkataba. Wavietnamu wengi walifungua vibanda vya maua, mboga na nguo ili tu waweze kuonyesha karatasi ya kipato. Ukiona leo duka la maua la Mvietnamu Berlin au Leipzig, inawezekana lilianza kama karatasi ya kuombea kibali.

Ninapolinganisha hawa na yule Mhindi naona tofauti moja inanisumbua. Yeye alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Wamsumbiji walikuwa na serikali mbili rafiki, na zote mbili zilikuwa upande mwingine wa meza.

VIJANA WA KOMPYUTA

Hii nitaipita haraka. Mwaka 2000 Ujerumani ikagundua haina wataalamu wa kompyuta, ikatangaza vibali 20,000 kuanzia tarehe 1 Agosti. Wakaiga jina la Wamarekani, wakaita Green Card, wakati ile ya Marekani ni ya kudumu na hii mwisho miaka mitano. Sharti lilikuwa shahada, au mshahara wa marka 100,000 kwa mwaka. Kuna mwanasiasa mmoja wa kule magharibi alipiga kampeni kwamba bora Wajerumani wafundishe watoto wao kuliko kuleta Wahindi. Vibali vyenyewe havikufika hata hizo 20,000. Mtaalamu mwenye uwezo wa kwenda California, kwa nini aende mahali ambapo tarehe ya kuondoka imeshaandikwa? Mwaka 2005 sheria mpya ikafuta utitiri wa vibali vya zamani, vikabaki vya aina kuu mbili, cha muda na cha kudumu.

SASA BAHASHA YAKO

Sheria ya leo ya wafanyakazi wenye ujuzi ilianza tarehe 1 Machi 2020 na ikalegezwa tena kuanzia Novemba 2023. Ndiyo imewabeba wauguzi na mafundi wengi wa kutoka kwetu. Kenya ilisaini makubaliano yake na Ujerumani mjini Berlin mwezi Septemba 2024, na zile nafasi 250,000 zilizovuma mitandaoni serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha, hakuna idadi iliyoandikwa mle. Ukiona dalali anauza nafasi kati ya hizo, kimbia.

Kibali cha mwenye ujuzi kwa kawaida hutolewa hadi miaka minne, au kifupi zaidi kama mkataba wako ni mfupi. Neno la kwanza na la muhimu kuliko yote: peleka maombi kabla ya tarehe ya mwisho. Hata siku moja kabla bado ni kabla, ingawa mimi ningesema miezi mitatu. Ukiomba kwa wakati, sheria inahesabu kibali chako cha zamani kinaendelea mpaka ofisi iamue, pamoja na ruhusa ya kazi. Kuchelewa kwao siyo kosa lako. Ushahidi wake ni karatasi inayoitwa Fiktionsbescheinigung, jina refu kama treni ya mizigo. Mwajiri akianza kukuangalia kwa wasiwasi mwonyeshe hiyo. Ila ukiwa nayo na unataka kuja likizo nyumbani, angalia kwanza imetolewa kwa kifungu gani. Ya anayeongeza kibali alichokuwa nacho inakuruhusu kutoka na kurudi, ile ya anayeomba kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya nchi hairuhusu.

Shida ya miji mikubwa ni miadi. Unaingia mtandaoni, kalenda nyeupe, hakuna nafasi. Usikae kimya ukisubiri. Tuma maombi kwa fomu ya mtandaoni au barua pepe kabla ya tarehe, ambatanisha nakala, na tunza uthibitisho wa siku uliyotuma. Yule Mhindi wa Karlsruhe alishinda kwa sababu mihuri yake yote ilionekana. Wewe mihuri yako ni hizo barua pepe.

Paspoti ianze mapema kuliko vyote. Hawakupi kibali kinachozidi uhai wa paspoti, kwa hiyo ukienda na iliyobakiza miezi minane unaweza kupewa miezi minane, na mwakani urudi kwenye foleni ulipe tena. Ada ya kuongeza kwa zaidi ya miezi mitatu ni yuro 93. Ubalozi nao unachukua muda wake, mnaujua mwendo.

Kutoka kazini unahitaji mkataba, salari slipu za miezi ya karibuni, na ile fomu anayojaza mwajiri kueleza kazi yako, saa na mshahara. Mpe mapema, ofisi za utumishi nazo huenda likizo. Kama ulibadilisha mwajiri, hakikisha ofisi ya wageni ilijulishwa na ruhusa ilitoka kama ilihitajika, maana kwenye miaka ya mwanzo kibali cha mwenye ujuzi huwa bado kimefungwa na kazi. Na kazi ikikatika kabla ya kibali kuisha, unatakiwa kuwaarifu ndani ya wiki mbili tangu ujue. Wengi wanaficha wakidhani wanajilinda, wakati kwenye kuongeza kibali huko ndiko kila kitu kinafunuliwa. Kifungo na shati bado, ila uzi umerefuka kidogo.

Weka na uthibitisho wa bima ya afya, usajili wa makazi, mkataba wa pango, na barua ya kutambuliwa kwa cheti chako. Picha siku hizi zinatakiwa za kidijitali, tangu Mei 2025, za karatasi waachie albamu.

Halafu kuna swali ambalo wengi hamjiulizi: kwa nini unaongeza, wakati labda unastahili cha kudumu? Tangu Novemba 2023 mwenye kibali cha ujuzi anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka mitatu badala ya minne, akiwa amechangia pensheni miezi 36 na ana Kijerumani cha kiwango cha B1. Aliyehitimu chuo au mafunzo ya kazi Ujerumani kwenyewe ni miaka miwili. Wenye Blue Card ni miezi 27, au 21 wakiwa na B1. Omba kwa mfuko wa pensheni orodha ya michango yako, wanaituma bure, uhesabu miezi mwenyewe. Usisubiri afisa akwambie. Afisa anajibu kile ulichoomba. Ukiomba miaka miwili mingine atakupa miaka miwili mingine, hata kama kwenye droo yake kuna cha kudumu chenye jina lako.

Uraia ni mada nyingine. Ujerumani tangu Juni 2024 imepunguza kutoka miaka minane hadi mitano na haikulazimishi kuacha uraia wako. Mkenya anaweza kubeba vyote viwili. Mtanzania mtu mzima hawezi, sheria yetu bado hairuhusu, kwa hiyo kwa wengi wetu hicho kibali cha kudumu ndicho kituo cha mwisho cha kufikiria bila kuumiza kichwa.

Kadi mpya ikiwa tayari utaitwa kuichukua. Isome hapohapo dirishani kabla hujaondoka: jina, tarehe, na ile karatasi ya ziada inayokuja nayo, kama mwajiri na masharti yameandikwa sawasawa. Ukigundua kosa ukiwa nyumbani utaanza kutafuta miadi upya.

Haya, mlioko Ujerumani tupieni chini hapo: mji gani, na mlisubiri miezi mingapi?